Sindano Kabla ya Chakula

Lango lilikuwa limekwisha fungwa Luteni Shaikha alipofika. Ndani yake wazazi walisimama wamewakumbatia watoto wao, hakuna aliyethubutu kumwachia wake hata mkono, na kimya chao kilikuwa cha matanga.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Kila msimu wa baridi, familia za Kiswidi, Kinorwe na Kideni zinazoishi Maskati hukodi bustani ya skuli moja ya kigeni huko Al Khoudh wakafanya siku ya mila za kwao. Watoto hushikana mikono wakauzunguka mti wakiimba, hupakwa rangi usoni, hushindana mbio za magunia, na huvua zawadi kwa ndoano iliyorushwa nyuma ya shuka lililochorwa bahari. Watu wa mtaa nao huja na watoto wao, kwa kuwa kiingilio hakuna, na vile vichapati vya kule, vinene vya duara, vikishapakwa jamu havina mfano.

Leo vichapati vilikuwa vimeganda kwenye sahani, na mti umesimama peke yake.

Sajenti Khattab, mtu wa Qurayyat, mrefu, asiyejua lugha nyingine ila Kiarabu, alimpokea pale langoni.

"Mtoto wa kike, Luteni. Raghad. Ana miaka minne. Gauni la kijani, nywele misuko miwili. Picha yake nimemwonyesha kila mtu humu ndani."

"Umetafuta wapi?"

"Vyooni, madarasani, chini ya meza, nyuma ya jukwaa, ndani ya tangi la maji. Nimerudia yote."

"Kamera?"

"Ni langoni tu na kwenye maegesho ya nyuma. Mlinzi anazitazama sasa hivi."

"Gari la wagonjwa mmeliita la nini?"

Khattab alimwonyesha kwa kidevu mwanamke aliyekuwa akiwajia mbio, baibui lake limejaa vumbi magotini kwa kutambaa chini ya meza. Huyo ndiye Khulood, mwalimu wa chuo kikuu, mama wa mtoto. Alianza kwa Kiarabu, pumzi ikamkatika, akamalizia kwa lugha ya nyumbani kwao.

"Wewe unasikia Kiswahili?"

"Bibi yangu mzaa mama ni wa Mkunazini, Unguja. Sema, dada, nakusikia."

"Raghad ana kisukari. Alidungwa insulini ili ale, na hajala. Unanifahamu? Sindano imeshaingia mwilini na chakula cha kuipokea hakuna. Sukari inashuka tu. Kwanza atalegea. Kisha atalala. Kisha..."

Shaikha alimgeukia Khattab.

"Gari la wagonjwa?"

"La kwanza lilikutana na ajali ya barabara kuu likasimama kuokoa watu. La pili liko njiani."

Watu wawili ndio waliokuja na mtoto, yaya wake na bibi yake; Khulood aliitwa kwa simu baadaye. Shaikha aliamuru watenganishwe, yaya aletwe kwanza. Wakaenda kuzungumzia upande wa ukuta, kwenye miti, mbali na masikio ya watu. Njiani walipita vigari vya watoto vilivyopangwa kivulini, vikubwa kama vitanda vya bembea, vimetandwa vyandarua. Watu wa Kaskazini hupenda watoto wao walale nje kwenye hewa ya baridi, husema ndiyo afya. Bi mkubwa mmoja wa Kinorwe, nywele nyeupe pe, alikuwa ameketi hapo akifuma soksi. Alipowaona aliweka kidole mdomoni.

"Yule ni Bi Gunvor, mwangalizi wa waliolala," Khattab alinong'ona. "Nilimwonyesha picha. Hakumwona."

Shaikha akapunguza sauti ya viatu. Alisema mashallah moyoni, akageuza macho. Mtoto wa mwenzio aliyefunikwa hafunuliwi, wala hachunguliwi. Hayo mtu hafundishwi chuo cha polisi, hufundishwa kwao.

Yaya aliitwa Wilkister, binti wa Siaya, Kenya, mwaka wa tatu katika nyumba ile. Alikuwa na mkoba wa mtoto begani na sahani mkononi, ameishika kwa vidole vyote kumi.

"Ulikuwa wapi mtoto alipopotea?"

"Nilikuwa na yeye, madam."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Na sahani hiyo uliletewa?"

Wilkister aliitazama sahani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nilimdunga, madam, kwa sababu chapati zilikuwa zinatoka. Nikamwacha na shosho, bibi yake, pale kwa kuvua, nikaenda kupiga laini ya chapati. Unga ukaisha, wakakoroga mwingine. Kurudi, mtoto hayuko."

"Mbona umenidanganya?"

"Nikisema niliacha mtoto, madam, hapa hakuna mtu ataniuliza nilimwachia nani." Alipangusa pua kwa mkono wa blauzi. "Na hiyo picha yenu haisaidii. Alipakwa uso mwekundu wote, kama mbweha, na akavalishwa kofia ya sufu, hizi nyekundu. Nywele hata hazionekani."

Shaikha akamgeukia Khattab amfasirie, lakini Khattab alikuwa ameitwa na mlinzi, na Bi Nasriya, mama yake Khulood, alishakuwa mbele yake, mkoba mweusi umebanwa kwapani, tasbihi mkononi.

"Mwanangu, unapoteza wakati. Mshike huyo."

"Bibi, mtoto alikuwa na wewe penye kuvua?"

"Mimi? Nnakwambia sijamwona tangu tuliposhuka garini. Nimekaa kwenye kiti changu na tasbihi yangu. Mambo ya kuvua pipi nyuma ya shuka nnayajulia wapi? Mtoto ni wa huyo. Analipwa kwa hilo."

"Haki ya Mungu, shosho!" Wilkister alipiga kelele.

"Usinshoshoe! Alitaka ruhusa aende kwao Krismasi, mwanangu akamnyima. Tangu siku hiyo kanuna. Upime mwenyewe."

Maneno mawili yasiyokaa chungu kimoja, na mmoja wa wasemaji alishakamatwa na uongo. Shaikha akamwita Khulood pembeni.

"Wewe ndiye unayemjua. Anaweza kumchukua mtoto?"

Khulood alimtazama Wilkister. Kisha akamtazama mama yake. Kisha akatazama chini.

"Ndiyo," alisema. "Anaweza."

Hapo ndipo Khattab aliporudi mbio. Kamera ya nyuma ilikuwa imemwonyesha mtu aliyevaa kama zimwi, manyoya mwili mzima, akitoka na kitu kilichofungwa shuka, urefu wa mtoto, amekikumbatia kifuani. Alikipakia kwenye pikapu kabla lango halijafungwa. Mlinzi alimtambua: ni Nahashon, Mkenya, kibarua wa sherehe aliyekodiwa awatishe watoto kwa mchezo. Na mlinzi aliongeza la pili. Alimwona Nahashon akizungumza na Wilkister muda si mrefu kabla.

Haraka ina mambo yake. Zimwi, yaya, pikapu. Shanga zilijipanga zenyewe kwenye uzi.

"Mtie pingu, mpeleke kituoni," Shaikha alisema. "Asiguse simu. Mkoba wake ni kielelezo."

Khattab alifanya kama kanuni inavyotaka. Aliuvua mkoba begani mwa Wilkister, akautia kwenye mfuko wa vielelezo, akaufunga kwa lakiri. Wilkister akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alimpigia kelele sajenti usoni, akiuelekeza mkoba kwa mikono yenye pingu, maneno yakimtoka kwa Kiswahili yote, na Khattab, ambaye neno lake pekee la Kiswahili lilikuwa jambo, alimshika kiwiko akamwingiza garini. Shaikha alizisikia kelele kwa nyuma. Hakugeuka. Alishaanza kukimbia kuelekea maegesho.

Pikapu ilikuwa pale pale. Nahashon alikuwa ameketi ukingoni mwa bodi, mwili wa zimwi, kichwa cha binadamu, akinywa maji kwenye chupa. Kichwa cha zimwi kilikuwa pembeni yake.

"Shuka! Mikono juu!"

"Ai, afande! Kwani ni nini?"

"Umebeba nini?"

"Wapi?"

Shaikha alikwisha panda. Kitu kilichofungwa shuka kilikuwa kimelazwa kwenye kona, chepesi, kigumu mahali, laini mahali. Alilivuta shuka kwa mikono miwili. Mbuzi wa majani makavu alimtazama kwa macho ya vifungo, utepe mwekundu shingoni, pembe moja imeng'oka.

"Mbuzi," alisema.

"Ni mbuzi wao wa sherehe, afande. Watoto wamempanda mpaka pembe ikatoka. Wenyewe wakaniambia nimwondoe mbio kabla wengine hawajaanza kulia."

"Na Wilkister? Mlionekana mkizungumza."

"Wili? Huyo ni mtu wa nyumbani. Alikuwa amebanwa kwa laini ya chapati, anaomba watu wampishe. 'Mtoto wangu ameshadungwa, ameshadungwa,' anaimba hiyo tu. Nikamtolea nafasi mbele yangu. Hata mama mmoja Mzungu alininunia." Alimkodolea Shaikha macho. "Afande, mtoto amepatikana?"

Shaikha aliteremka. Wilkister alikuwa kwenye foleni, basi alisema kweli. Na kama alisema kweli, mtoto aliachwa pale penye kuvua, mkononi mwa mtu.

Aliingia tena bustanini. Watoto waliosimama karibu na lango walikuwa na vifuko vya karatasi walivyovua nyuma ya shuka, kila kimoja kimefungwa uzi mwekundu wa sufu ule ule. Aliufuata uzi huo kwa macho, kifuko kwa kifuko, mpaka macho yakafika kwa Bi Nasriya kwenye kiti chake. Mkoba mweusi ulikuwa mapajani. Kwenye zipu yake, pasipofunga vizuri, ulitokeza uzi mwekundu.

"Bibi. Ufungue huo mkoba."

"Nini tena?"

"Ufungue, au nitaufungua mwenyewe."

Ndani, chini ya miwani na leso, mlikuwa na kifuko cha karatasi, na ndani ya kifuko, farasi mdogo wa mti aliyepakwa rangi. Khulood, aliyekuwa amesimama nyuma, alimuona farasi akamjua mvuvi wake.

"Mama," alisema. "Raghad alikupa hiki?"

Bi Nasriya aliporomoka kama nyumba ya udongo iliyonyeshewa.

"Simu iliita. Dada yangu yuko mahututi Unguja, nliingoja simu tangu jana. Mtoto kanitia hicho mkononi, kanivuta baibui. 'Bibi, nna usingizi.' Nkamwambia, nenda kalale, mwanangu, usinisumbue, ntakuja. Nlipomaliza kuzungumza nkatazama, hayupo. Nkasema keshachukuliwa na Wilkister." Tasbihi ilimteleza ikaanguka. "Wallahi sikujua kama hajala. Kisha watu wakaanza kupiga kelele kuwa kapotea, nkaogopa. Nkasema hutonisamehe, Khulood. Hutonisamehe."

Shaikha alipiga magoti mbele ya kiti.

"Alisema ana usingizi. Wewe ukamwambia akalale. Alielekea wapi, bibi?"

"Kule kwenye kivuli."

Shaikha aligeuza kichwa kuelekea ukutani. Chini ya miti vigari bado vilikuwepo, vyandarua vimefunuliwa, blanketi zinaning'inia, vitupu. Wilkister alipotiwa pingu na habari ya mtoto kuibwa ikaenea, kila mama aliyekuwa na mtoto pale alikwenda mbio kumchukua wake. Ndio hao waliosimama langoni na vichanga vifuani. Ni nani angemwacha mwanawe amelala nje peke yake siku kama hii?

Lakini kigari cha mwisho kilikuwa bado kimefunikwa.

Alikimbia kama hajapata kukimbia. Bi Gunvor alimwona anakuja, akainua kidole kukiweka mdomoni. Shaikha alimpita, akapasua chandarua, akalitupa blanketi la sufu. Kwanza aliona kofia nyekundu. Kisha uso wa mbweha, rangi imechuruzika kwa jasho mpaka shingoni, na chini ya rangi ngozi ya baridi.

"Raghad. Raghad!"

Mtoto hakuamka. Pumzi ilikuwepo, fupi, ya juu juu.

"Nilimkuta amejilaza humo," Bi Gunvor alisema kwa Kiingereza, ufumaji umemwanguka. "Kigari kilikuwa kitupu, mwenyewe alimbeba mwanawe. Nikamfunika asipate baridi. Nilifikiri ni wa kwetu. Kule kwetu mtoto aliyelala hatumwamshi. Yule wa kwenye picha alikuwa... hakuwa hivi."

Sajenti alipita hapo. Shaikha mwenyewe alipita hapo, akageuza macho kwa adabu.

Khulood alifika, akamtoa mwanawe, akamlaza ubavu juu ya majani. Uso wake mwenyewe ulikuwa wa maiti lakini mikono ilijua kazi yake. "Asali," alisema. "Jamu, chochote kitamu. Asimezeshwe, apakwe shavuni tu. Na sindano ya dharura, ile ya kupandisha sukari. Haraka, iko kwenye mkoba wa Wili."

Neno hilo lilimshukia Shaikha kichwani kama tofali. Mkoba uko kituoni au njiani kwenda kituoni, chini ya lakiri, kwa amri yake.

"Hakuna nyingine?" aliuliza. "Ya akiba?"

"Iko nyumbani, frijini! Mkoba uko wapi?"

Shaikha alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Khattab! Uko wapi?"

"Tumekwama kabla ya daraja, Luteni. Ile ajali. Huyu mwanamke hajanyamaza tangu tutoke, anapigapiga ule mfuko. Simfahamu anasema nini."

"Anasema kuna dawa. Geuza gari. Piga king'ora, panda ukingo, pita popote. Mpe simu."

Zikasikika pumzi za Wilkister.

"Tumempata," Shaikha alimwambia kwa Kiswahili. "Haamki."

"Nakuja," Wilkister alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika usukani.

Bi Gunvor alirudi anakimbia na chupa ya asali ya banda la vichapati, soksi nusu imemng'ang'ania sketi. Khulood alichovya kidole, lakini asali ikamwagika shingoni mwa mtoto. Shaikha akamshika kifundo. Wakapaka hivyo, wanawake wawili, kidole kimoja, ndani ya shavu, kidogo, kisha kidogo tena. Watu walijongea wakafanya duara, wa kusoma Qurani anasoma, wa kusali kwa lugha yake anasali. Bi Nasriya alisimama mbali, hakuna aliyemwita.

"Anapumua?" Shaikha aliuliza.

"Bado anapumua. Raghad, mama. Mama yangu. Usilale."

King'ora kilisikika mbali, kikapotea, kikarudi upande mwingine. Khulood aliinua kichwa kila kilipobadilika. Lango likafunguliwa kabla halijaamriwa, gari likaingia mpaka kwenye majani, na kabla halijasimama mlango wa nyuma ulifunguka. Wilkister alikuja mbio, mikono yenye pingu mbele, Khattab nyuma yake akiichana lakiri kwa meno.

Hawakusemezana. Wilkister aliangukia magoti, akaufunua mguu wa mtoto kwa viganja vilivyofungwa pamoja, akaubana usitikisike. Khulood aliichanganya dawa, akadunga.

Kisha hapakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la skuli na kivuli kikawafika. Mtu mmoja akaanza kulia, akaambiwa anyamaze.

Wa kwanza kuona alikuwa Wilkister. "Ulimi," alisema.

Ulimi ulitokeza, ukalamba asali pembeni mwa mdomo. Kisha mtoto akatapika, akakohoa, akaanza kulia, kilio chembamba cha paka aliyelowa. Alipapasa huku macho yamefumba, akakipata kidole gumba cha Wilkister, akakishika.

Gari la wagonjwa likaingia wakati huo. Kijana wa huduma alimpima mtoto, akatikisa kichwa. "Imeanza kupanda, lakini bado iko chini sana. Hatujatoka kwenye hatari. Twende sasa hivi. Msindikizaji mmoja tu."

Khulood alishaweka mguu kwenye ngazi. Nyuma yake machela ilikuwa imekwama, kwa kuwa mtoto hakukiachia kidole, na kila walipojaribu kuwatenganisha kilio kilizidi na pumzi ikapungua.

Khulood akashuka.

"Panda wewe."

"Madam, wewe ndiye mama."

"Waliponiuliza kama unaweza kumwiba, nilisema ndiyo." Alisema kwa sauti ambayo duara zima liliisikia. "Panda, Wili. Hana nguvu ya kulia zaidi."

Shaikha alifungua pingu. Wilkister alikuwa haangalii mtu. Alijisugua kifundo mara moja kwenye sketi, akapanda, akainama juu ya machela. Mlango ukafungwa.

Gari lilipotokomea, Khulood alikuwa bado amesimama katika alama za magurudumu, kidole kimoja kinang'aa kwa asali, viatu havijulikani viliko.

"Nipeleke," alimwambia Shaikha.

Kwenye gari la polisi lililomrudisha Wilkister, mbele palikuwa na redio, mafaili na kofia ya Khattab. Shaikha akamfungulia mlango wa nyuma, nyuma ya wavu, na Khulood akaingia akaketi palipokuwa bado na joto la Wilkister.